Kioo cha kompyuta kinapodanganya

Wiki chache zilizopita tulipokea barua kutoka kwa dada mmoja wa Tanga ambaye kazi yake ni kupiga picha katika shughuli za akina mama: usiku wa hina, kupamba, na walima wa wanawake watupu. Barua ilikuwa fupi, lakini mistari yake ya mwisho ndiyo iliyonifanya niitangulize mbele ya nyingine. Alieleza kuwa mama wa bibi harusi alipokabidhiwa albamu aliiweka mapajani, akafunua kurasa nne au tano, akaifunga, kisha akasema: "Mwanangu hakuwa hivi."

Bibi harusi keshasafiri kwenda Maskati alikoolewa. Shughuli haiwezi kurudiwa, na alichobakiwa nacho mama yule ni albamu hiyo. Nyuso zimetoka giza hata macho hayaonekani vizuri, na nguo nyeupe ya bibi harusi imekuwa kama iliyofuliwa pamoja na kanga nyekundu inayochuja. Dada yetu amerejesha nusu ya malipo, naye anauliza: je, auze kamera yake atafute nyingine iliyo bora zaidi?

Asiiuze. Hayo nilimjibu siku ile ile, kabla sijajua kosa liko wapi, kwa sababu katika malalamiko ya namna hii kamera ndiyo huhukumiwa kwanza, na mara nyingi haina hatia. Hata hivyo palikuwa na ugumu mmoja. Mtu mwenye tatizo la picha hushauriwa aonyeshe picha yenyewe, na dada huyu hawezi. Ndani ya picha zile mna wanawake waliovua buibui na mitandio wakiwa wamejipamba, nao walikubali kupigwa kwa ahadi kwamba hazitaonwa na mtu wa nje. Ndiyo sababu alinunua printa yake akaiweka nyumbani, badala ya kupeleka kazi studio ambako asingejua nani anakaa kwenye mashine. Sikuomba kuona hata moja. Nilimwuliza maswali tu.

Nilitaka kujua kama kurasa zote zimeharibika sawasawa. Akajibu kuwa hapana: kurasa za mwanzo na za katikati ndizo zenye giza, ilhali zile sita za mwisho nyuso zake zinaonekana vizuri, wekundu, hata hivyo, umo katika kurasa zote. Nikauliza kurasa sita za mwisho alizitengeneza lini, na kama siku hiyo palikuwa na jambo tofauti. Jibu lake lilikuja baada ya saa nzima, nadhani alikuwa akikumbuka. Usiku ule umeme ulikatika, naye akamalizia kazi kwa betri ya kompyuta.

Hapo nusu ya maradhi ilikuwa imejulikana.

Kompyuta ya mpakato ikiwa imechomekwa kwenye umeme mara nyingi huwasha kioo chake kwa nguvu zote, na umeme unapokatika hukipunguza ili betri idumu. Kioo ni taa: kinaturushia nuru machoni. Karatasi haina nuru yake. Hurudisha ile inayoiangukia, na si yote. Vioo vingi vinapotoka dukani huwa vimewekwa ving'ae ili vivutie wanunuzi, na ukivipima utakuta vinatoa kandela 250, hata 300 na zaidi, kwa kila mita ya mraba. Wanaotayarisha picha za kuchapwa hushusha vioo vyao hadi baina ya kandela 80 na 120. Basi mtu anayetengeneza picha kwenye kioo cha 300 huona uso unameremeta, akaridhika, au akaupunguza kidogo kwa kudhani umezidi. Karatasi haiwezi kumeremeta kiasi hicho, na uso ukitoka humo unakuwa kama wa mtu aliyeketi nyuma ya pazia. Usiku wa betri kioo kilififia. Dada yetu akaona picha ni giza, akaziongezea mwanga, na hizo ndizo zilizotoka sawa. Ungekatika umeme wiki nzima, huenda mama asingelalamika.

Huenda msomaji akauliza: vipi mtu aliyefanya kazi hii miaka kadhaa asitambue kuwa kioo chake kinang'aa kupita kiasi? Hawezi kutambua kwa jicho peke yake. Jicho huzoea. Ukikaa chini ya taa ya kandili, baada ya muda mfupi kanzu nyeupe unaiona nyeupe, ingawa kwa hakika nuru yake ni ya rangi ya chungwa. Mazoea hayo ni rehema katika maisha ya kila siku, lakini kwa mtengeneza picha ni mtego, kwa kuwa baada ya dakika chache mbele ya kioo chenye ubuluu ubongo utakuapia kuwa ni cheupe. Kosa la kioo halionekani kwenye kioo. Huonekana kwenye karatasi, na huonekana likiwa limegeuzwa: kioo king'aavu mno huzaa picha ya giza, na kioo chenye ubuluu humfanya mtu aongeze umanjano, picha ikatoka kama yenye homa ya ini.

Nilimwelekeza kipimo kisichogharimu kitu. Kwanza azime kila kinachokibadilisha kioo bila yeye kujua: mwangaza unaojirekebisha wenyewe, ile hali ya usiku inayokipaka kioo rangi ya manjano ili macho yapumzike, hali ya kubana betri, na mpangilio wowote wa kukoleza rangi kwa ajili ya filamu. Kisha kompyuta iwake nusu saa ipate kutulia. Aweke mezani taa nyeupe, ile inayouzwa kwa jina la mwanga wa mchana, lakini isikipige kioo moja kwa moja. Afungue ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo, ashike karatasi nyeupe kando yake chini ya taa hiyo, na apunguze mwangaza mpaka kioo kisiishinde karatasi. Akifika hapo aweke alama na asikiguse tena, hata kama kwa siku mbili za mwanzo kitamwonekea kimefifia na kinachosha. Atazoea, tumekwisha kusema kuwa jicho huzoea.

Nikamwongezea jambo moja kuhusu kikao. Vioo vya kompyuta nyingi za bei nafuu hubadilika kadiri unavyoinua au kuinamisha kichwa: ukikitazama kutoka juu picha ni nyeupe, ukishuka ni nyeusi. Ajaribu kuinama na kuinuka taratibu mbele ya picha moja, na akiona mabadiliko basi achague mahali pamoja pa kukalia, macho yakikabili kioo sawasawa. Alinijibu kuwa alikuwa akifanya kazi kitandani baada ya watoto kulala, kompyuta ikiwa juu ya mto. Sasa amehamia mezani.

Ama kuhusu wekundu, huo haukuweza kuwa kosa la mwangaza, kwa kuwa ulikuwamo hata katika kurasa za betri. Ulikuwa na asili nyingine, na hapa ilibidi kutenganisha washitakiwa wawili: kioo na printa. Njia ni kuchapa kitu ambacho rangi yake unaijua kwa hesabu, si kwa macho. Kila nukta ya picha ndani ya kompyuta ni namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Namba tatu zikilingana, rangi hiyo ni kijivu, na kioo hakina la kusema katika jambo hilo. Nilimwomba aunde mraba mtupu wenye 128, 128 na 128, auchape kwenye karatasi ile ile ya albamu bila kuurekebisha chochote, halafu asugue penseli kwenye karatasi nyingine mpaka ipatikane rangi ya kijivu inayokaribiana nao, kisha avilinganishe viwili hivyo asubuhi karibu na dirisha, mbali na jua kali.

Mraba wake ulitoka na rangi ya waridi. Basi kioo kikaachiliwa katika shitaka hili, na printa ikabaki kizimbani.

Printa ya wino ikileta wekundu, la kutazama kwanza ni matundu yake. Kila printa ina ukurasa wa majaribio unaochora mistari ya kila wino. Mistari ya wino wa samawati ikikatika, picha zitaelekea wekundu. Ikikatika ya waridi zitaelekea ukijani. Na ya manjano ikikatika zitaelekea ubuluu. Kwetu pwani, printa ikikaa wiki tatu bila kazi, wino hukauka kichwani mwake, na kuchapa ukurasa mmoja mdogo wenye rangi zote kila wiki ni rahisi kuliko kununua kichwa kipya. Lakini mistari ya dada yetu ilikuwa mizima yote.

Likabaki moja, na ndilo lililokuwa lenyewe. Watu wa pwani husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Programu ya kutengenezea picha inaweza kuongoza rangi: inayo maelezo, yaitwayo profaili, ya namna karatasi fulani na wino fulani unavyoonyesha rangi, nayo hutafsiri picha kulingana na maelezo hayo kabla ya kuituma. Printa nayo inaweza kuongoza rangi kwa mpangilio wake. Zote mbili zikiongoza, picha iliyokwisha kutafsiriwa hutafsiriwa mara ya pili, na matokeo yake ya kawaida ni wekundu au uwaridi uliotapakaa kote. Hakuna onyo linalotokea. Karatasi hutoka tu, na mtu huanza kuirekebisha picha isiyokuwa na kosa.

Dawa ni kumchagua nahodha mmoja. Mwenye profaili ya karatasi yake, na watengenezaji wengi wa karatasi za picha huzitoa bure, aiachie programu, kisha aingie katika mipangilio ya printa azime urekebishaji wake wa rangi. Asiye nayo aiachie printa, na aiambie programu isiguse. Katika hali zote mbili aina ya karatasi itajwe kwa usahihi, maana printa hupima wino kwa kufuata jina utakalolitaja: ukiweka karatasi ya kung'aa na kuiambia kuwa ni karatasi ya kawaida, kiasi cha wino kitakosewa na kila ulichorekebisha kitavurugika. Dada yetu alizima upande wa printa, akachapa mraba wa pili, akauacha ukauke hadi kesho yake, maana wino hubadilika kidogo unapokauka na haifai kuuhukumu ukiwa bado mbichi. Akaandika: "Sasa umefanana na penseli."

Kazi ya kutengeneza picha upya ilibaki, nayo ilitegemea jambo ambalo niliogopa kuliuliza: je, faili za asili zipo? Alhamdulillah zipo, tena ni zile ghafi ambazo kamera haikuzipika. Faili ghafi katika kamera nyingi huhifadhi ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi. Faili ya kawaida ya JPEG huhifadhi 256. Ukiinua uso kutoka gizani katika faili ghafi bado mna kitu cha kuinua. Ukifanya hivyo katika JPEG iliyokwisha kurekebishwa mara mbili, mashavu hufanya mabaka. Kwa hiyo kila mpiga picha aanze na faili ya asili, na kamwe asihifadhi marekebisho juu yake.

Sasa nifike kwenye ngozi, ambalo kwa maoni yangu ndilo neno la mama yule lilipolenga. Ipo namna ya kuuliza namba kabla ya kuuliza jicho. Gusa shavu la mtu kwa kile kialama cha programu kinachosoma rangi. Katika mwanga usio na rangi, nyekundu itakuwa kubwa kuliko kijani, na kijani kubwa kuliko buluu, awe mtu wa Pemba au wa Norwe. Linalotofautiana ni kiasi tu. Usiguse paji la uso linalong'aa kwa mafuta, maana hapo unasoma rangi ya taa. Ukikuta kijani imepanda kuliko kawaida, kumbuka shughuli ilifanyika wapi: turubai la kijani au la buluu juani huwapaka watu wote rangi yake, na hakuna kamera inayoweza kulikwepa.

Wengi hutumia nguo nyeupe kama kipimo cha weupe. Mimi siiamini sana. Sabuni nyingi za unga huwekwa dawa ya kung'arisha ambayo huipokea miale ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama nuru ya buluu, ndiyo sababu kanzu iliyofuliwa karibuni huonekana nyeupe kupita nyeupe. Ukiirekebisha picha mpaka kanzu hiyo iwe nyeupe kamili, utakuwa umewatia watu wote umanjano. Kadi ya kijivu ya wapiga picha, ikishikwa na bibi harusi kwa nukta chache kabla ya kuanza, ni shahidi mkweli zaidi.

Na kamera nayo ina udhaifu wake. Kipima mwanga chake hudhania kuwa kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu. Jaza picha kwa kanzu nyeupe na itapunguza mwanga, nyuso zikawa giza. Jaza picha kwa mabuibui meusi na itaongeza, nyuso zikapauka. Kwa nguo nyeupe ongeza hatua moja, kwa nyeusi punguza hatua moja, kisha tazama.

Nasema haya kwa sababu baadhi ya wapiga picha wakishalalamikiwa giza hukimbilia kitufe cha kung'arisha, na albamu ya pili bibi harusi hutoka mweupe kama mtu asiyejulikana ukoo wake. Mama anaweza kuifunga na hiyo pia kwa maneno yale yale. Jambo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za Marekani zilisawazisha mashine zao kwa kadi kutoka Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikaitwa Shirley. Ngozi yake ikionekana sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mwenye ngozi nyeusi aliyekaa kando yake alipotelea kivulini. Inasimuliwa kuwa malalamiko yaliyosikilizwa mapema zaidi yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hawakupata picha nzuri za bidhaa zao za rangi ya kahawia. Katika miaka ya 1990 ndipo ilipotolewa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Programu za leo ni nyingine, lakini kitufe cha kurekebisha kila kitu kwa mkupuo mmoja bado hakimjui binti wa Tanga.

Kipimo cha karatasi nilichokieleza hurekebisha mwangaza wa kioo, si rangi zake. Kwa rangi kinahitajika kifaa kidogo kinachoning'inizwa mbele ya kioo, ambacho husoma rangi zinazoonyeshwa na kuiandikia kompyuta profaili ya kioo hicho. Bei yake si ndogo kwa mtu mmoja, lakini hutumika dakika chache tu kwa mwezi, na sioni kwa nini wapiga picha watano wa mji mmoja wasichangie kimoja wakawa wanapokezana. Anayempelekea fundi kompyuta, iwe kwa kioo au kwa jambo lolote, ahamishe kwanza picha za watu kwenye diski ya nje ibaki nyumbani. Ahadi waliyopewa wanawake wale ukumbini inahusu na meza ya fundi.

Juzi iliingia barua yake ya pili. Hakupeleka albamu. Alichapa kurasa nne tu, akampelekea mama alasiri, wakazitazama kibarazani kwenye mwanga wa mchana. Mama alikaa na ya tatu muda mrefu, ile ya mikono yenye piko, kisha akauliza kama inaweza kukuzwa aitundike chumbani kwake. Dada yetu ananiuliza mimi: inaweza kukuzwa hadi wapi?

Faili yake ina nukta 6,000 upande mrefu. Kwa nukta 300 katika kila inchi, hiyo ni inchi 20 bila kupoteza kitu, na kwa picha ya ukutani inayotazamwa kwa mbali hata nukta 200 hutosha, yaani inchi 30. Printa yake haifiki huko, kwa hiyo itabidi akubaliane na mama juu ya kipimo kinachoingia katika karatasi yake. Akinunua karatasi ya aina nyingine, aanze tena na mraba wa kijivu na penseli.